Je, Wajua? Marimba ya Jembe, Vibuyu vya Mfalme na Mawe Yanayolia

Je, wajua kwamba huku Busoga kuna marimba ambayo kabla hujaipiga lazima kwanza uazime jembe? Inaitwa embaire. Unachimba shimo, unalaza mashina mawili ya migomba kwenye kingo zake, kisha unapanga juu yake vibao vikubwa vilivyochongwa kwa mti wa lusambya, kila kimoja kikitengwa na mwenzake kwa vijiti vilivyochomekwa mgombani. Shimo ndilo sanduku la sauti. Mgomba ni laini tena una maji, kwa hiyo unakibeba kibao bila kukibana, nacho kinalia mpaka kichoke chenyewe. Wapigaji huketi pande zote mbili wakitazamana, sita, wakati mwingine hata wanane, kwenye chombo kimoja. Kile kibao kikubwa kuliko vyote kikigongwa nawe umekaa chini, sauti unaisikia mapajani kabla ya masikioni.

Safu ya mwezi huu ni ya mambo niliyoyagundua katika muziki, michoro na usanifu wa siku hizi, nikiwa hapa Jinja na nikipanda mara kwa mara hadi Mbale. Nilikusudia kuandika mapya matupu. Lakini kila jipya nililolifuata hadi chanzo chake lilinifikisha kwa fundi fulani aliyekosa kifaa akaunda cha kwake, basi wacha tuanzie hapo shimoni.

Je, wajua ni nani anayepiga ule wimbo unaousikia kwenye embaire? Hakuna! Mpigaji wa kwanza anarudia noti zake kwa mpangilio uleule; wa pili anaingiza zake katika nafasi zilizo katikati; zikichanganyika, zinakwenda mbio maradufu kuliko mkono wa binadamu mmoja. Sikio linashindwa kuzifuata, kwa hiyo linajikusanyia lenyewe: za juu linazifanya wimbo mmoja, za chini linazifanya wimbo mwingine, na nyimbo hizo mbili hazimo mikononi mwa yeyote kati ya wapigaji. Mtaalamu Gerhard Kubik kutoka Austria alilieleza jambo hili baada ya kufika Kampala mwaka 1959 na kujifunza amadinda, ndugu wa embaire kwa upande wa Buganda. Mwalimu wake alikuwa Evaristo Muyinda, mwanamuziki wa Makumbusho ya Uganda. Huko makumbusho, chini ya Klaus Wachsmann, ala hazikuachwa kabatini zikusanye vumbi. Waliajiriwa watu wa kuzipiga. Miaka ya 1980 mtunzi maarufu György Ligeti akazipata kazi za Kubik, na mazoezi ya piano aliyoyatunga tangu hapo yana alama ya mbinu hiyo. Mwanafunzi wa piano wa Ulaya anayevunjika vidole kwa Ligeti anadaiwa na Muyinda, ingawa huenda jina hilo hajawahi kulisikia.

Haraka haraka: albamu ya Pieces of Africa, ya kundi la Kronos Quartet la Marekani, ilipotoka mwaka 1992 ilishika nafasi ya kwanza katika chati mbili za Billboard, ya muziki wa klasiki na ya muziki wa dunia. Mmoja wa watunzi waliomo ni Mganda, Justinian Tamusuza. Vinanda vinne vya nyuzi, na mwendo ni wa nyumbani kabisa.

Nyingine: mpiga banjo Béla Fleck alipozunguka Afrika akiitafutia banjo asili yake, safari iliyozaa filamu na albamu ya Throw Down Your Heart, alipita mashariki ya Uganda. Kundi la akina mama wa Nakisenyi limo, marimba ya shimoni imo, na Ateso Jazz Band wamo. Tuzo za Grammy zilifuata. Kama huna muda, acha filamu nzima, tazama tu sehemu ya marimba, uone jinsi mgeni mwenye vidole vya ajabu anavyotafuta mlango wa kuingilia.

Na je, wajua kwamba mwaka 2023 wapigaji wa kijiji cha Nakibembe, hapa hapa Busoga, walitoa albamu kupitia lebo ya Nyege Nyege Tapes? Inaitwa Nakibembe Embaire Group, jina la kundi lenyewe. Katika baadhi ya vipande vyake wameshirikiana na wasanii wa muziki wa elektroniki kutoka Indonesia, nchi ambayo nayo ina gamelani, ala za kugonga zinazopigwa na watu wengi kwa noti za kupokezana. Hukumu yangu, kama unaitaka: vipande vilivyo bora ni vile ambavyo mashine zimenyamaza. Si kwamba Waindonesia wamekosea; ni kwamba embaire haina nafasi tupu ya kumkaribisha mgeni.

Nyege Nyege yenyewe, kwa jina ambalo msomaji wa Kiswahili halisomi bila kutazama kama kuna mtoto karibu, ilianza mwaka 2015 kama tamasha kando ya mto Nile hapa Jinja. Waanzilishi wake ni Derek Debru na Arlen Dilsizian. Mwaka 2018 waziri wa maadili, hayati Simon Lokodo, alitaka kulipiga marufuku. Mwaka 2022 ni Bunge. Mara zote mbili lilifanyika, safari ile ya pili kwenye maporomoko ya Itanda, likiwa limewekewa masharti. Wenye nyumba za wageni, wachoma nyama na waendesha boda walikuwa na maoni yao kuhusu marufuku hayo, na sidhani kama ni lazima niyaandike.

Lebo iliyozaliwa na tamasha hilo ndiyo iliyoipeleka singeli ya Dar es Salaam Ulaya. Mkusanyiko wa Sounds of Sisso, kutoka studio ya Sisso ya Mburahati, ulitoka mwaka 2017. Mipigo yake hupita 200 kwa dakika. Wakati ule, Watanzania wengi wa tabaka la kati walikuwa bado wanaiona singeli kuwa kelele za vigodoro. Ikabidi irudi nyumbani na muhuri wa pasipoti ndipo wakaanza kuisifu. Mwaka huohuo lebo ikatoa Gulu City Anthems ya Otim Alpha, nyimbo za harusi za Kiacholi zilizopigwa kwa kompyuta badala ya ala za mkono.

Sasa nifike kwa mtu ninayempenda kuliko wote katika safu hii. Je, wajua kwamba kuna Mganda aliyejiundia sintesaiza yake mwenyewe, kipande kwa kipande? Brian Bamanya, anayejiita Afrorack, aliona bei za zile sintesaiza za visanduku, ambazo kila kisanduku kinafanya kazi moja na unaviunganisha kwa nyaya upendavyo, akaona haziwezi. Akaenda intaneti kutafuta michoro ya saketi, akaenda maduka ya vipuri vya elektroniki kununua alichokipata, na alichokikosa akakitafutia mbadala. Hutajwa kuwa wa kwanza barani Afrika kujitengenezea mtambo wa aina hiyo. Albamu yake, The Afrorack, ilitoka mwaka 2022 kupitia Hakuna Kulala, lebo dada ya Nyege Nyege Tapes. Ukiutazama mtambo wenyewe kwenye picha, nyaya zimesongamana kama mlenda uliopakuliwa na mtoto. Ukiusikiliza, kuna ngoma za Buganda mle ndani, ila zimeota chuma.

Kinyume chake ni Arsenal Mikebe. Hawa ni wapiga ngoma wa Kampala waliochezea mtambo wa kugongwa kwa mikono, uliofinyangwa kwa vyuma na mchongaji Henry Segamwenge, wakiiga TR-808, ile mashine ya midundo iliyotoka kwenye kampuni ya Roland ya Japani mwaka 1980. Yaani Wajapani walitengeneza mashine ya kumwiga mpiga ngoma, na hawa wakatengeneza ngoma ya kuiiga mashine. Albamu yao ya mwaka 2024 inaitwa Drum Machine. Ukiisikia usiku gizani huwezi kuapa ni binadamu anayepiga.

Kundi la Nihiloxica, Waganda na Waingereza pamoja, liliipa albamu yake ya mwaka 2020 jina la Kaloli, yule ndege mkubwa wa majalala ya Kampala. Hakuna jina lililoufaa mji ule zaidi.

Turudi Busoga. Je, wajua kwamba tarumbeta za mfalme wa huku huota shambani? Bigwala ni seti ya tarumbeta za vibuyu virefu, tano au zaidi. Kila moja inatoa noti moja tu, haina ya pili. Kwa hiyo wimbo mmoja unahitaji watu watano, kila mmoja akisubiri zamu yake ya kupuliza, na mmoja akizubaa wimbo unatoboka tundu ambalo kila mtu analisikia. Ilikuwa ni ngoma ya kasri: kutawazwa kwa Kyabazinga (ndiye mfalme huyo), maziko, sherehe za ukoo wa kifalme. Falme zilipofutwa Uganda miaka ya 1960, bigwala ikakosa wa kumpigia. Mwaka 2012 UNESCO ilipoiingiza katika orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa kwa haraka, wazee waliobaki wakijua kuitengeneza, kuipiga na kuicheza walikuwa wanne.

Watu wengi wakisikia neno urithi hufikiria kurekodi, kupiga picha, kuweka kabatini. Lakini James Isabirye, mwalimu wa muziki katika Chuo Kikuu cha Kyambogo aliyesimama nyuma ya ufufuaji huo, ilibidi aanze na kilimo: vibuyu vya umbo lile vilipandwa upya ndipo vijana wapate cha kupuliza. Kibuyu hakina kiwanda. Ukitaka sauti nene, unahitaji kibuyu kirefu, na kibuyu kirefu kinahitaji msimu. Naomba wanaoandika maombi ya fedha za utamaduni walikumbuke jambo hilo dogo, kwa sababu fomu nyingi zina nafasi ya semina na hazina nafasi ya mbegu.

Mwingine wa Busoga: Rachel Magoola, sauti ya Afrigo Band katika wimbo wa Obangaina, alioimba Kisoga nao ukapendwa na nchi nzima inayosikiliza Kiganda. Mwaka 2021 alichaguliwa kuwa mbunge wa wanawake wa Bugweri.

Je, wajua kwamba muziki wa mawe upo? Katika kisiwa cha Dolwe, kwa jina jingine Lolui, ndani ya Ziwa Viktoria, kuna majabali yanayolia yakigongwa, na juu yake mna vishimo vilivyochimbika kwa kugongwa vizazi na vizazi. Karibu na mawe hayo kuna michoro ya miambani. Watafiti waliandika habari zake mwaka 1965. Ukienda, usibebe nyundo.

Michoro mashuhuri zaidi iko Nyero, wilayani Kumi, ukitoka Mbale kuelekea Soroti. Ninawaonea wivu wachoraji wale. Hakuna mnyama anayekimbizwa, hakuna mwindaji na upinde wake, kama tulivyozoea kwenye michoro ya Kondoa. Ni duara ndani ya duara ndani ya duara, kwa rangi nyekundu na nyeupe, pamoja na maumbo marefu ambayo wengine wanayaita mitumbwi na wengine maganda ya mkakaya. Mwanafunzi wa usanifu wa michoro anayelipa ada ya kujifunza jinsi ya kutengeneza alama ya kampuni kwa rangi mbili na umbo moja angeokoa muhula mzima kwa kupanda jabali lile. Waliochora wanadhaniwa kuwa wawindaji na wachuma matunda walioishi huku kabla ya Wateso kufika. Hawakuacha jina wala maelezo, na michoro bado inafanya kazi.

Tukiwa kwenye michoro: katuni ya Bogi Benda, iliyowachekesha wasomaji wa Daily Nation mjini Nairobi miaka ya 1970, ilichorwa na Mganda, James Tumusiime, ambaye baadaye alianzisha kampuni ya vitabu ya Fountain. Na mchora katuni Jim Spire Ssentongo, mhadhiri wa falsafa wa Makerere, mwaka 2023 aliwaita wananchi waweke mtandaoni picha za mashimo ya barabara za Kampala, akayaita maonyesho. Picha zikamiminika kwa maelfu, na Rais Museveni akaagiza shilingi bilioni 6 zitolewe kuziba mashimo. Mara moja katika maisha yangu nimeona mtunza maonyesho ya sanaa akilipwa kwa lami.

Usanifu wa majengo? Tembea Main Street ya Jinja huku umeinua macho. Chini ni simu, chapati na mitumba. Juu ni nguzo za mapambo, ngazi za plasta, na majina ya wenye maduka wa Kihindi na mwaka wa kujenga vikiwa vimefinyangwa ukutani. Waliojenga wengi walipewa na Idi Amin siku 90 za kuondoka nchini mwaka 1972. Familia nyingine zilirudishiwa mali miaka ya 1990, nyingine hazikurudi. Jina ukutani halikuweza kufungashwa. Wenye majengo wa leo, tafadhalini, mnapopaka rangi za matangazo ya kampuni za simu, ile miaka iacheni ionekane.

Daraja jipya la Jinja lilifunguliwa tarehe 17 Oktoba 2018. Ni la nyaya, jamaa ya lile la Kigamboni lililofunguliwa mwaka 2016, na lina urefu wa mita 525. Kabla yake magari yote ya kutoka Mombasa na Nairobi kwenda Kampala yalipita juu ya bwawa la Owen Falls, lililozinduliwa mwaka 1954 na Malkia Elizabeth. Daraja ni zuri mno kwa picha, hasa jioni taa zikiwaka, lakini ukithubutu kusimama katikati na kamera, askari atakueleza mapungufu ya usanifu wako.

Umeme wa bwawa hilo ndio ulioleta viwanda, Nytil ikiwemo, kiwanda cha nguo kilichovisha watu pamba ya Uganda iliyofumwa Jinja. Leo sehemu kubwa ya pamba yetu husafirishwa ikiwa ghafi, na nguo hurudi zikiwa mitumba. Mbunifu Bobby Kolade alirudi Kampala kutoka Berlin akitaka kushona kwa pamba ya hapa, akakuta soko limefunikwa na mabunda. Basi akageuza: ananunua mitumba, anaikatakata, anaishona upya kuwa mavazi mengine na kuyauza nje kwa lebo ya Buzigahill. Mkusanyo wake unaitwa Return to Sender, yaani mzigo umerudi kwa aliyeutuma. Ninaipenda dhihaka hiyo kuliko baadhi ya mashati yenyewe.

Gomesi nayo, vazi linalovaliwa na wanawake wa Busoga kwenye kila harusi kana kwamba liliumbwa siku moja na mto Nile, hutajwa kuwa kazi ya fundi cherehani Mgoa, Caetano Milagres Gomes, mwaka 1905, kwa ajili ya wasichana wa shule ya Gayaza.

Tupande Mbale. Mji huu uliasisiwa na Semei Kakungulu mwanzoni mwa karne ya 20, jemadari wa Kiganda aliyewatumikia Waingereza akaishia kukosana nao. Mwaka 1919 alijitahiri yeye na wanawe, akaanza kufuata dini ya Kiyahudi kwa kusoma tu Agano la Kale. Wafuasi wake, Abayudaya, bado wapo kwenye kilima cha Nabugoye. Je, wajua kwamba zaburi zao, kwa lugha za hapa na kwa Kiebrania, na kwa mwendo wa nyimbo za Uganda, zilitolewa mwaka 2003 na Smithsonian Folkways na kuteuliwa kuwania Grammy? Mmoja wao, J. J. Keki, mkulima na mwanamuziki, alikuwa New York tarehe 11 Septemba 2001. Aliporudi aliwazungukia majirani zake, na mwaka 2004 Wayahudi, Wakristo na Waislamu wakaunda ushirika mmoja wa kahawa, Mirembe Kawomera. Wakaanza kutunga nyimbo kuhusu palizi, bei na ujirani, na mwaka 2013 nazo zikawa albamu, Delicious Peace. Nyimbo za kahawa zinazotaja bei ni chache duniani.

Ukiendelea hadi Soroti utafika alikozaliwa mwanamuziki Geoffrey Oryema. Baba yake, waziri, aliuawa mwaka 1977. Kijana akatoroka nchi akiwa amefichwa kwenye buti la gari. Albamu yake Exile ilitoka mwaka 1990 kwenye lebo ya Peter Gabriel, ikitayarishwa na Brian Eno. Alifariki Ufaransa mwaka 2018.

Na la mwisho, kadodi. Ni ngoma za Wamasaaba za kuwasindikiza vijana wanaokwenda kutahiriwa katika imbalu. Nyuso zao hupakwa unga wa mtama uliochachuliwa, miili huvishwa shanga, mikononi kengele, nao wanacheza kijiji hadi kijiji kwa siku kadhaa. Seti nzima ya kadodi hubebwa kwa mikanda mabegani, kwa sababu wapigaji hawakai. Wanakimbia pamoja na kijana, juu ya miteremko ya mlima Elgon, na mdundo haupaswi kukosea hata wakiruka mtaro. Madijei wa Kampala wameshaichukua, wakaipunguza ikatoshea kwenye spika. Kwa yenyewe hasa, imbalu hufunguliwa Mutoto, nje kidogo ya Mbale, mwezi Agosti, kila mwaka unaogawanyika kwa mbili. Fika mapema, simu iache mfukoni mwa ndani, na uvae viatu vilivyofungwa kamba: hakuna atakayekuuliza kama umekuja kutazama au kukimbia.